Mkubwa Akimcheka Kijana, Nani Atamwajiri?

Seremala anayeomba kazi huonyesha kiti alichokitengeneza, mwajiri akakikalia akajua kama ni imara. Je, kijana ambaye kazi yake yote ni kukokotoa, kwa kalamu na karatasi, mambo yanayotokea ndani ya nyota, chuo kikuu kitampima kwa kipi? Aghalabu hupimwa kwa neno la wakubwa wa fani yake. Na neno hilo huweza kupotosha.

Subrahmanyan Chandrasekhar alizaliwa Lahore mwaka 1910. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 19, alipanda meli kutoka India kwenda kusoma Cambridge, Uingereza. Humo safarini akapiga hesabu juu ya nyota zilizokwishiwa na kuni zake. Hesabu ilimwambia kuwa nyota ya namna hiyo ikizidi uzito fulani, ambao leo twajua ni kama mara 1.4 ya Jua letu, haiwezi kutulia. Itazidi kujididimiza ndani yake yenyewe.

Tarehe 11 Januari 1935 aliyaeleza hayo mjini London, mbele ya chama cha wataalamu wa nyota. Mara akasimama Arthur Eddington, bingwa aliyesifika kuliko wote, akaikejeli hoja ile, na ukumbi ukacheka. Wapo wanafizikia wakubwa walioona kijana ndiye mwenye haki, lakini hawakupenda kumpinga bingwa hadharani. Wakati huohuo nafasi yake pale Cambridge ilikuwa ya muda tu. Ilimbidi atafute kazi.

Huko Marekani, Otto Struve alikuwa mkuu wa kituo cha darubini cha Yerkes, mali ya Chuo Kikuu cha Chicago. Struve mwenyewe alikuwa mkimbizi wa vita vya Urusi, aliyeokolewa na kituo hichohicho kwa kupewa kazi mwaka 1921. Alipokuwa mkuu alitafuta vijana popote walipo: Gerard Kuiper wa Uholanzi, Bengt Strömgren wa Denmark, na huyu Mhindi. Ubishi na Eddington ulikuwa haujaisha, lakini Struve hakungoja uishe. Mwaka 1937 Chandrasekhar akaanza kazi Yerkes.

Mambo hayakuishia hapo. Ilipopangwa afundishe mjini Chicago, mkuu wa kitivo cha sayansi, Henry Gale, alikataa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Hakutaja kosa la hesabu wala upungufu wa elimu. Rais wa chuo, Robert Hutchins, akaamua kwamba afundishe, na akafundisha.

Eddington alifariki mwaka 1944 bila kukubali. Lakini kikomo kile cha uzito sasa kinaitwa kwa jina la Chandrasekhar, na ni hatua mojawapo iliyotufikisha kwenye elimu ya mashimo meusi. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, akigawana na William Fowler. Alibaki Chicago hadi kifo chake mwaka 1995. Chuo kilichothubutu kumwajiri kijana aliyechekwa kilivuna miaka 58.

Tusidhani kwamba kila anayechekwa ni bingwa aliyefichika. La hasha! Wengine huchekwa kwa haki. Funzo ni kwamba mwajiri wa wasomi hana budi kuisoma kazi yenyewe, wala asitosheke na kuuliza mkubwa fulani amesemaje. Tena kanuni njema peke yake haitoshi. Alihitajika Struve wa kumwona kijana, na Hutchins wa kuuzuia mlango usifungwe. Angekosekana mmoja wao, hesabu zingebaki sahihi vilevile, ila mwenyewe angekwenda kutafuta riziki kwingine.

Penye vijana hapaharibiki neno, lakini kwanza wafunguliwe mlango.