Nyumba ya Bao na Nyumba ya Barafu

Mtu akiketi Kitaya jioni, wakati jua linapozama upande wa juu wa mto na upepo wa Ruvuma ukianza kuleta harufu ya matope na mpunga, aghalabu atasikia chini ya mwembe mlio wa komwe zikidondoka shimoni moja baada ya moja, na akisogea atawakuta wazee wawili wamekaa kitako pande mbili za bao, na wengine saba wanane wamewazunguka, kila mmoja akijua fika mtaji uliostahili kuchezwa, na hakuna hata mmoja athubutuye kuutaja mpaka mwenyewe amekwisha kukosea. Bao hilo lina mashimo 32 na kete 64, na miongoni mwa mashimo ya kila mchezaji limo moja lenye heshima ya peke yake, ambalo mchezo unapoanza huwekwa kete 6, nalo huitwa nyumba. Na mtu aliyevunjiwa nyumba yake mapema huonekana usoni kabla hajasema neno.

Nimeanza na bao kwa makusudi, kwa kuwa mchezo ninaotaka kuisimulia tarehe yake, ijapokuwa huchezwa juu ya barafu katika nchi za baridi kali, nao una nyumba, na kiongozi wa kila timu huitwa kwa neno ambalo sisi watu wa pwani hulitafsiri pasipo kusita: nahodha. Mchezo wenyewe ni kalingi, na tangu mwaka 2003 umehesabiwa miongoni mwa mashindano ya majira ya baridi ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia.

Sura yake ni hii. Hutandazwa uwanja mrefu wa barafu, upatao mita 45, na mwisho wake huchorwa duara ndani ya duara, kubwa kuliko yote likiwa na upana wa mita 3.66, na hiyo ndiyo nyumba. Watu wanne wa kila upande hutupa mawe mawili mawili, jumla 16, kila jiwe likiwa na mkono wa kushikia na uzito usiozidi kilo 20. Nahodha husimama nyumbani akionyesha kwa ufagio wake pahala anapotaka jiwe lielekezwe, na jiwe likiisha kuachiwa, wenzi wawili hulitangulia wakifagia barafu kwa nguvu zao zote, ili ipate joto kidogo na utelezi uzidi, na jiwe liende mbali zaidi na kupinda kwa uchache. Mawe yakiisha, hutazamwa lililo karibu zaidi na kitovu, na upande wenye jiwe hilo peke yake ndio uhesabiwao katika duru ile. Mwingine haupati kitu. Kwa hiyo aliye na jiwe la mwisho ana nguvu kubwa, na nahodha mwenye busara pengine hulitupa nje kwa hiari yake, asipate chochote, ili katika duru ifuatayo jiwe la mwisho liendelee kuwa mkononi mwake. Mchezaji wa bao ataufahamu mara moja ujanja huo wa kuiacha faida ndogo ya leo, maana ndio ujanja wa mtu mwenye kuamua kulala nyumbani ilhali angeweza kuendelea.

Maandishi ya kale yenye kuutaja mchezo huu ni ya Februari 1541, ambapo karani wa sheria mjini Paisley, katika Uskoti, jina lake John McQuhin, aliandika kwa Kilatini katika daftari lake kwamba mtawa mmoja aitwaye John Sclater alitupa jiwe juu ya barafu mara tatu, kisha akatangaza kuwa yu tayari kushindana na Gavin Hamilton kama walivyoahidiana. Mimi hunipendeza sana kwamba karani yule, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika hati za mashamba na madeni, aliona ahadi ya kutupiana mawe kuwa jambo la kustahili ushahidi na tarehe. Mawe ya zama hizo yalikuwa ya kuokotwa mitoni, hayana mkono, kila mtu na lake. Yale ya leo hutokana na jiwe gumu la itale, na mashuhuri zaidi ni yale ya Ailsa Craig, kisiwa kidogo kilichoko baharini upande wa magharibi wa Uskoti, ambako kulipua miamba kumekatazwa kwa ajili ya kuwahifadhi ndege wa baharini wazaao humo.

Mwaka 1838 wapenzi wa mchezo walikutana Edinburgh wakaunda chama kikuu chao na kuziweka kanuni pamoja. Na mwaka 1842, Malkia Victoria alipozuru kasri la Scone, wenyeji wake walimwonyesha namna ya kuucheza juu ya sakafu ya mbao ya ukumbi wa dansi iliyong'arishwa ikateleza, kwa kuwa barafu haikuwapo. Mwaka uliofuata chama kikaruhusiwa kujiita cha kifalme.

Sasa nirudi mtoni kwetu. Mwaka ule wa 1838 kijana mmoja wa Blantyre, katika Uskoti hiyo hiyo, alikuwa amekwisha kusomea tiba huko Glasgow akajitoa kwa kazi ya umisionari. Naye ndiye David Livingstone, aliyeingia mlango wa Ruvuma mwaka 1861 kwa meli iitwayo Pioneer, akapanda mto kitambo kisha maji yalipopungua akalazimika kurudi, akajaribu tena kwa mashua mwaka 1862, na mwaka 1866 akashuka Mikindani pamoja na ngamia, nyati, nyumbu na punda, wanyama ambao wengi wao hawakuistahimili safari. Waskoti wa karne ile walitawanyika duniani wakiwa askari, makarani, mabaharia na wahubiri, na kila walikokwenda walichukua vitabu vyao, dawa zao na dini yao. Ama mchezo wao wa mawe, huo uliwafuata tu wale waliokwenda kwenye baridi. Ndipo ukawa na klabu Montreal tangu mwaka 1807, Kanada ikawa hatimaye na wachezaji wengi kuliko Uskoti yenyewe, ilhali Mikindani haukufika. Mila nyingi tumezipokea kutoka ng'ambo, njema na mbaya, lakini hii ilizuiwa na jua.

Kizuizi hicho kilianza kuondoka pale watu walipoweza kugandisha maji kwa mitambo: uwanja wa kwanza wa barafu ya namna hiyo ulifunguliwa London mwaka 1876, na tangu hapo barafu ikawa kitu cha kutengenezwa, si cha kungojewa. Siku hizi mafundi huinyunyizia matone ya maji, yakagandia juu yake kama vipele, na jiwe huteleza juu ya vipele hivyo.

Wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa na michezo yao ya baridi tangu mwaka 1928, huko Cortina d'Ampezzo, Italia. Baada ya vita vikuu, shirikisho lao la kimataifa lililoundwa mwaka 1949 liliyapanga upya mashindano hayo, na mwaka 1960 yakafanyika Chamonix, Ufaransa, mji ule ule ambamo Waskoti walishinda kalingi katika Olimpiki ya mwaka 1924. Hata hivyo kalingi iliwangojesha wanafunzi hao zaidi ya miaka arobaini: iliingia Tarvisio mwaka 2003, ikakosekana Innsbruck mwaka 2005, ikarudi Torino mwaka 2007, kisha ikafuatana nao Harbin, Erzurum na kwingineko. Mwaka 2021 mashindano ya Lucerne yalivunjwa na maradhi ya korona.

Katika Olimpiki yenyewe mchezo ulirejea kwa medali kamili huko Nagano, Japani, mwaka 1998, na katika michezo hiyo hiyo Philip Boit, mwanariadha wa Kenya, alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya baridi, akateleza kilomita 10 juu ya theluji na kumaliza wa mwisho, huku bingwa wa Norwei, Bjørn Dæhlie, akimngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Mwaka 2005 uwanja wa barafu ukafunguliwa katika hoteli moja ya Nairobi, na leo Kenya ni mwanachama wa shirikisho la dunia la kalingi, sawa na Saudia na Qatar, nchi ambazo jua lake halina haja ya kuelezwa kwa msomaji wa pwani.

Yako mambo mawili katika mchezo huu ambayo nadhani wazee wa chini ya mwembe wangeyasifu. Mchezaji aliyegusa jiwe kwa bahati mbaya, kwa mguu au kwa ufagio, hutakiwa aseme mwenyewe, asingoje kushitakiwa. Na nahodha aonaye kwamba hana njia tena, huwapa wapinzani mkono kabla mawe hayajaisha, kisha pande zote mbili hukaa meza moja, na desturi ni mshindi kumnunulia mshindwa kinywaji.

Jambo la tatu lingewatia katika mabishano. Jiwe la kalingi likizungushwa kuelekea kushoto, hupinda kushoto. Lakini ukipindua bilauri juu ya meza laini, ukaisukuma huku ukiizungusha kuelekea kushoto, itapinda kulia. Sababu ya tofauti hiyo wataalamu wa fizikia wameijadili kwa miaka mingi, kila mmoja akiukanusha ujuzi wa mwenziwe, wala hawajakubaliana. Na wanafunzi wa vyuo hivyo hivyo, ambao ndio wangetazamiwa kuwa na jawabu, huinama tu wakaliachia jiwe, nalo likapinda kama lilivyopinda mbele ya karani wa Paisley.