Hewa Mbaya, Mbu na Degedege

Jina malaria lenyewe ni kumbukumbu ya kosa. Limetokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kwamba homa hii huletwa na mvuke utokao vinamasini usiku, na watu wakafunga madirisha yao wasiuvute. Imani hiyo ilifundishwa na madaktari walioheshimika sana.

Wakati huohuo, huku Afrika Mashariki walikuwapo watu waliosema jambo jingine. Msafiri Mwingereza Richard Burton, alipopita nchi ya Wasomali mwaka 1854, aliambiwa kwamba homa kali huletwa na kuumwa na mbu. Akaliandika neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1856, lakini akaliita ushirikina. Miaka arobaini hivi baadaye, Mjerumani Robert Koch alifika milima ya Usambara. Wenyeji walioshuka bondeni walirudi na homa, na ugonjwa huo waliuita mbu, kwa jina la mdudu mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ushirikina ulikuwa wa nani?

Jibu lilipatikana kwa kupima. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross, akiwa Secunderabad, India, alimpasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa, akavikuta tumboni mwake. Mwaka 1900 madaktari Sambon na Low waliishi miezi kadhaa katika kibanda karibu na Roma, penye mashamba ambayo wavunaji waliyaogopa kwa homa yake. Madirisha yalitiwa wavu, na kila jioni kabla ya jua kuzama waliingia ndani. Hewa ya kinamasi waliivuta usiku kucha. Mbu hawakupata njia. Hakuna aliyeugua. Mwaka huohuo mbu wenye vijidudu walipelekwa London, wakamuuma mtoto wa kiume wa Dakta Patrick Manson, naye akashikwa na malaria, mbali na kinamasi chochote.

Lakini ziko imani zetu pia ambazo hazikustahimili kipimo. Katika pwani ya Tanzania, mtoto aliposhikwa na degedege, wapo waliosema ni pepo ajaye kwa umbo la ndege, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Akapelekwa kwanza kwa mganga. Leo inajulikana kwamba degedege hilo mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani: chembe za damu zenye vijidudu huziba mishipa midogo ya ubongo. Mtoto aliyecheleweshwa siku mbili alifika hospitali akiwa taabani, akachomwa sindano, akafa. Majirani wakasema, si tuliwaambia? Hivyo imani ikajipatia ushahidi kutokana na madhara yake yenyewe, na mama aliyefuata naye akaogopa.

Sayansi nayo haikujionea haya kujipima. Kwinini ilitumainiwa kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100. Waliopewa sindano ya artesuneti walikufa chini ya 9. Kwinini ikaachia nafasi yake, pamoja na heshima yake yote.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya elimu hii. Mzee akisema neno, lipimwe. Daktari akisema neno, lipimwe vilevile. La Washambaa lilipimwa likasimama, la hewa mbaya likaanguka. Na mtoto akichemka mwili usiku, mabishano yangoje. Apelekwe akapimwe damu.