Meza Moja, Mishahara Miwili

Hebu fikiria. Mimi na wewe tunafanya kazi meza moja. Faili ni zile zile, na mdosi anayetufokea ni yule yule. Mwisho wa mwezi ukipata shilingi 100, mimi napata 60. Nikiuliza mbona, naambiwa ndivyo kanuni ilivyo.

Kanuni hiyo ilikuwepo kweli. Katika utumishi wa serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, asiye Mzungu aliyefika cheo cha juu alilipwa sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu wa cheo hicho hicho. Mwaka 1948 Tume ya Holmes iliipitia mishahara hiyo, na bado ikaiunga mkono kanuni. Waafrika wengi hata hizo tatu hawakuzifikia; walikwama vyeo vya chini.

Mwaka 1951 Tom Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kama mkaguzi wa afya. Naye alilipwa chini ya wenzake Wazungu. Siku moja akiwa kazini, mwanamke Mzungu aliingia na sampuli ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuwa pale pale.

Kwangu, swali hilo na ule mshahara ni kitu kimoja. Zile shilingi 40 zinazokosekana zinauma tumboni, ndiyo, lakini pia zinakwambia kwamba upo na huonekani. Mboya hakunyamaza. Aliwaunganisha wenzake katika chama cha wafanyakazi, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama nchini.

Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilipendekeza kanuni ifutwe: kazi moja, mshahara mmoja. Ila aliyetoka ng'ambo aongezewe kitu cha kumvutia aje. Sawa, kuishi mbali na kwenu kuna gharama. Lakini kwa yule wa meza ya pili, sababu ndiyo iliyobadilika; pengo lilibaki.

Leo, ofisi nyingi zinataka mshahara wako uwe siri yako. Tunacheka pamoja wakati wa lanchi, na hakuna anayejua mwenzake anabeba ngapi. Kanuni ya Holmes ilikuwa mbaya, lakini iliandikwa, kwa hivyo watu waliweza kuinyooshea kidole. Hii yetu utaishika wapi?