Runinga, Muundo wa Ligi na Mahudhurio Viwanjani

Idadi ya watazamaji wanaofika uwanjani hutegemea, pamoja na mambo mengine, muundo wa ligi na namna michezo inavyorushwa na runinga. Ligi Kuu Tanzania Bara ilikuwa na timu 20 msimu wa 2019/20, zikapunguzwa hadi 18, kisha 16 kuanzia msimu wa 2021/22. Kwa mfumo wa nyumbani na ugenini, michezo imeshuka kutoka 380 hadi 240, na kila klabu imebaki na siku 15 za kukusanya viingilio nyumbani badala ya 19.

Mwaka 2021 TFF na Azam Media zilisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo ni nguzo kwa klabu za mikoani, ambazo majukwaa yake hujaa zaidi Simba au Yanga inapozuru. Hata hivyo, mchezo wa saa 10 jioni siku ya kazi huwavuta wengi kwenye kibanda umiza kilicho jirani, pasipo nauli.

Uingereza ilichagua kinga: tangu miaka ya 1960, soka halirushwi mubashara Jumamosi kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni, ili klabu ndogo zisikimbiwe.

Runinga pekee, hata hivyo, haiondoi watu uwanjani. Watani wa jadi wanapokutana, Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 hufurika, ilhali mchezo huo huo unaonekana nchi nzima.