Laki Moja na Mala ya Shanga 108

Hesabu za Kiswahili zimeletwa na pepo nyingi. Sita, saba na tisa zilitoka Uarabuni, milioni ikaja na Wazungu. Laki ndiyo iliyovuka bahari kutoka Bara Hindi, asili yake laksha ya Kisanskriti. Nasi nyumbani, kwa Kigujarati, twasema lakh. Leo hapa Usagara hata anayepangisha chumba huitaja kama neno la babu zake, na ni lake kweli.

Kiswahili kilichukua jina, hakikuchukua uandishi. Wazee wetu madaftarini waliandika 1,00,000: koma moja kabla ya tarakimu tatu za mwisho, kisha koma kila baada ya mbili. Shuleni ikawa 100,000. Sisi tuliojifunza hesabu kwanza dukani kwa babu tulichapwa viboko kwa ajili ya koma hiyo.

Ukiivunja laki katika namba tasa, hupati ila 2 tano na 5 tano, zote zikizidishwa pamoja. Ndiyo maana boriti za mikoko, zilizouzwa pwani kwa korija, yaani ishirini ishirini, huingia katika laki bila baki: korija 5,000 kamili. Dazeni haiingii, kwa kuwa ndani ya laki hamna 3.

Mala yetu ni kinyume chake. Shanga zake 108 ni 2 mbili na 3 tatu zikizidishwa. Jumla ya tarakimu zake ni 9, na 9 huigawa 108 mara 12 kamili. Namba za tabia hiyo D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa Devlali huko India, aliziita Harshad, yaani zenye kuleta furaha. (Tasbihi ya majirani zetu, yenye punje 99, nayo hugawanyika kwa 9, ila kwa jumla ya tarakimu zake, 18, haigawanyiki.)

Basi tulipoweka nia ya kutaja jina la Ram mara laki moja kwa maadhimisho haya, ubishi ukazuka. Vijana walipiga hesabu: mala 925 ni 99,900, zapungua mia, mala 926 ni 100,008, zatosha. Wazee wakasema ni mala 1,000, kwani kila mala huhesabiwa mia tu, na nane zilizobaki hufidia ulimi ulioteleza na moyo uliotangatanga. Tofauti ilikuwa mala 74, yaani majina 7,992. Si kazi ndogo kwa mwenye duka.

Kijana mmoja akatetea kwamba hata kwa mala 926 zimezidi nane zile zile. Mama mmoja akamjibu: "Nane kwa laki nzima, mwanangu? Wewe moyo wako hautangitangi?"

Tuliwafuata wazee. Mala ya elfu ilipokamilika, kijana yule yule, aliyekuwa mwandishi wetu, aliandika daftarini: 1,00,000.