Kituo cha kunolea: Kona isahauliwayo katika karakana ya seremala

Seremala anayeanzisha karakana aghalabu hukusanya randa, patasi, misumeno na keekee, kisha suala la kunoa huliahirisha. Athari zake huonekana mapema. Patasi butu hudai nguvu nyingi, na ni nguvu hizo zinazoifanya iteleze na kuujeruhi mkono ulioshika mbao.

Aina ya mbao pia ina lake. Mvule huficha vijiwe vya chokaa ndani yake, nao msaji una chembe za silika, hivyo miti hii humaliza makali upesi kuliko msonobari. Kwa wachongaji wa milango ya nakshi mjini Lamu, ambao hutegemea patasi za maumbo mbalimbali, kunoa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kituo cha kunolea hakihitaji chumba. Meza nzito isiyotikisika, yenye kimo cha kiunoni na iliyo karibu na dirisha, yatosha. Kinoo kibanwe kati ya vipande viwili vya mbao kisisogee. Anayetumia kinoo cha mafuta asikitie maji, wala cha maji asikipake mafuta. Vinoo vya maji huuzwa kwa namba: 1000 huleta makali, 6000 au 8000 huyang'arisha. Asiyevimudu anaweza kubandika msasa wa maji juu ya kioo kinene, akianza na namba 240 na kupanda hadi 2000. Kwa muda mfupi mbinu hii ni rahisi. Kwa mwaka mzima, gharama ya msasa huenda ikapita bei ya kinoo.

Mashine ya umeme ya kunolea ndiyo huharibu vifaa vingi. Ncha ya patasi ya chuma cha kaboni ikigeuka rangi ya samawati, ugumu wake umetoweka na haitadumisha makali hadi sehemu hiyo iondolewe. Iguswe kidogo kidogo na kuchovywa majini kila mara. Mashine hiyo iwekwe pia mbali na vumbi la mbao, kwani cheche zake huweza kuzua moto.

Kazi huanzia mgongoni mwa patasi, ambao sharti uwe bapa kabisa karibu na ncha. Kisha hunolewa mteremko, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30. Asiye na kipimo na atumie rula: mteremko wenye urefu mara mbili ya unene wa patasi ni nyuzi 30. Patasi ya unene wa milimita 4 basi itakuwa na mteremko wa milimita 8. Hunolewa hadi ukingo mwembamba wa chuma ujikunje upande wa pili na kuhisiwa kwa kidole. Huo huondolewa kwa kuusugua mgongo kwenye kinoo, kisha patasi ikapitishwa kwenye ngozi. Makali yajaribiwe kwenye ncha ya ubao laini, si kwenye nywele za mkono.

Msumeno una kanuni zake. Hubanwa kwenye jiliwa na kunolewa kwa tupa ya pembe tatu, ila mingi iuzwayo siku hizi ina meno yaliyokaushwa kwa joto, meusi nchani, na tupa huteleza tu juu yake. Msumeno wa aina hiyo ukiisha makali, hununuliwa mwingine.