Ruaha Mkuu: Nani hulipa gharama za kuulinda mto?

MTO Ruaha Mkuu huanzia katika milima ya Uporoto na Kipengere, hupita katika bonde la Usangu wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, na kuingia katika ardhi oevu ya Ihefu. Kutoka hapo huvuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuelekea bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma. Katika safari hiyo maji yake humwagilia mpunga, hunywesha mifugo, hulea samaki, hutunza wanyamapori na huzalisha umeme.

Tangu mwaka 1993 sehemu ya mto iliyo ndani ya hifadhi imekuwa ikikauka wakati wa kiangazi. Sababu ya karibu ni mwamba wa Ng'iriama, ulio kwenye mlango wa kutokea Ihefu. Kina cha maji katika ardhi oevu kikishuka chini ya mwamba huo, mto husimama. Viboko na samaki hubanana katika madimbwi yanayosalia.

Mwaka 2001 Serikali iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 mto huo ungetiririka mwaka mzima. Hatua zilizochukuliwa ni nyingi, na kila moja ilikuwa na gharama kwa kundi fulani la wananchi.

Wavuvi ndio wanaotajwa kwa nadra zaidi. Kambale na perege wa Ihefu walikuwa kitoweo na chanzo cha fedha kwa wakazi wa Usangu. Eneo hilo lilipofanywa pori la akiba mwaka 1998, shughuli za watu zilianza kubanwa. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali namba 28, liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambamo uvuvi wa kujipatia riziki hauruhusiwi. Hifadhi ilipanuka hadi zaidi ya kilometa za mraba 20,000 na kuwa kubwa kuliko zote nchini, hadi ilipopitwa na Hifadhi ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019.

Wafugaji walikumbwa na operesheni ya mwaka 2006 na 2007, ambapo maelfu ya ng'ombe waliondolewa Usangu na wengi kupelekwa mikoa ya Lindi na Pwani. Baadhi ya mifugo ilifia njiani, na malalamiko yaliyofuata yaliifanya Serikali iunde tume ya uchunguzi.

Kwa upande wa wakulima, upanuzi wa hifadhi ulizua mgogoro wa mipaka uliodumu miaka mingi, kwa kuwa vijiji na mashamba ya mpunga yalijikuta ndani ya ramani mpya. Malalamiko kuhusu fidia hayakukoma, na Oktoba 2023 Serikali ilitoa tangazo jingine, namba 754, lililorekebisha mipaka hiyo.

Mkoani Iringa nako gharama imegusa vinyungu, yaani bustani za mabondeni ambazo kaya nyingi hulima mboga na mahindi wakati wa kiangazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito. Kwa kaya isiyo na shamba jingine lenye unyevunyevu, meta hizo 60 ndizo chakula cha miezi ya njaa.

Hoja kuu iliyotumika kuhalalisha hatua hizo ilikuwa umeme. Mitambo ya Mtera, yenye uwezo wa megawati 80, na Kidatu, yenye megawati 204, ilikuwa takriban nusu ya uwezo wote wa umeme wa maji nchini kabla ya bwawa la Julius Nyerere. Mgawo mkali wa umeme wa mwaka 2006 uliwafanya wengi waelekeze kidole kwa wafugaji wa Usangu.

Hata hivyo, watafiti wa bonde hilo wamekuwa wakieleza kwamba bwawa la Mtera hujazwa hasa na mafuriko ya masika, na kwamba maji kidogo ya kiangazi kutoka Ihefu hayawezi peke yake kuamua hatima ya mitambo. Aidha, bwawa hilo hupokea pia maji ya Ruaha Mdogo, unaopita mjini Iringa, na mto Kisigo. Namna maji yanavyofunguliwa kutoka bwawani ina uzito wake.

Kukauka kwa mto hifadhini kwahusiana zaidi na mabanio na mifereji ya kilimo cha umwagiliaji, ambayo huendelea kuchukua maji hata baada ya mavuno. Mwaka 2010 ulipita bila ahadi kutimia, ingawa ng'ombe wengi na wavuvi walikuwa wamekwisha kuondolewa.

Manufaa ya utalii nayo hayajawafikia wananchi kwa kiwango kilichotarajiwa. Mradi wa kukuza utalii kusini mwa Tanzania, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2017, ulisimamishiwa malipo Aprili 2024 kufuatia madai ya ukatili na uhamishaji watu kuzunguka Ruaha, kisha ukafungwa Novemba mwaka huo.

Hakuna anayepinga kwamba Ihefu lazima ilindwe, kwani ikifa, mpunga, samaki na utalii vitakufa pamoja. Lakini uhifadhi unaomwondoa mwenye mtumbwi na kuacha banio likiwa wazi Septemba nzima humtoza maskini gharama bila kuurudisha mto. Kufunga mabanio baada ya mavuno, na kuzipa jumuiya za watumia maji nguvu ya kusimamia zamu, ni kazi isiyo na kishindo cha operesheni, lakini ndiyo inayogusa maji yenyewe.